Ufuko wa Fundi Saa

Hakuwa mgonjwa wa tumbo. Hilo lieleweke kabla ya lolote lingine, kwa sababu maneno yamezunguka mtaani yakaota miguu, na sasa yuko mtu anayeapa kwamba fundi saa alilazwa na yeye mwenyewe alikwenda kumwona wodini. Hakulazwa. Wala hakuajiriwa na manispaa kusafisha vyoo, ingawa kazi ile ni halali na anayeifanya hana la kuonea haya. Wala hakupungukiwa na akili. Ukoo ule umetoa mkaguzi wa shule, karani wa mahakama na wauguzi, ukamtoa na yeye, aliyeufanya mji mzima uende na wakati. Mwendawazimu haujatoa bado. Ukweli ni kwamba fundi saa alikuwa akitafuta mahali pa kuvua samaki bila kulipa. Basi. Lakini kwa kuwa watu wa hapa hawashibi ukweli mfupi, acha uelezwe mrefu.

Kibanda chake kilikuwa kwenye mtaa wa maduka, kimebanwa kati ya duka la viatu na kinyozi, na upana wake ulimtosha mtu mmoja kukaa na mwingine kuinama. Yeye ndiye aliyekaa. Alivaa koti na tai hata siku za joto, lenzi nyeusi imekaa jichoni kama imeota pale, kibano mkononi, na nyuma yake saa za ukutani zikigonga zote kwa pamoja, hivi kwamba kinyozi alijifunza kuondoa wembe shingoni mwa mteja kila saa ilipokaribia kutimia. Jioni alifunga dirisha, akapita dukani, akarudi nyumbani na kitu. Mkate, au kipande cha sabuni, au sukari ndani ya mfuko wa karatasi. Alikiweka mezani kabla hata ya kusalimia.

Nyumba ilikuwa ya kaka yake, yule mkaguzi wa shule. Kaka alipofariki, fundi saa alibaki katika chumba chake kinachotazama uani, na mjane wa kaka yake, mwalimu mstaafu, alibaki katika nyumba iliyobaki. Waliitana shemeji na kuheshimiana. Hakuna siku waliyopandishiana sauti, isipokuwa juu ya redio.

Kisha watu wakaanza kuangalia saa kwenye simu. Kwanza walikuja kubadilisha betri tu, halafu hata hilo wakaacha. Mteja wa mwisho kuinama kwenye dirisha lile alikuwa kijana mmoja nadhifu sana, na fundi saa alishavaa lenzi yake tayari.

"Fundi, una umeme?"

"Ninao. Saa yako ina nini?"

"Sina saa. Naomba kuchaji simu."

Siku hiyo alifunga na hakufungua tena.

Wenye maduka wa mtaa ule wana desturi ya kumpa anayestaafu saa ya ukutani, na hapo wakakwama.

"Utampaje saa fundi saa?" kinyozi aliuliza. "Ni sawa na kunizawadia mimi wembe."

Mwenye duka la viatu akakumbuka kwamba stoo kwake kulikuwa na fimbo ya kuvulia, ya kijani, ya kukunjuka, yenye kigurudumu cha kuzungushia mshipi. Aliiagiza kwa ajili ya watalii, watalii wakanunua kandambili. Fundi saa akapewa fimbo. Alikuwa hajawahi kuvua hata dagaa, lakini alishukuru kwa hotuba ndefu, akaenda akaisimamisha nyuma ya kabati.

Kilichofuata, kwa alivyodhani, hakuna aliyekiona isipokuwa yeye mwenyewe. Alianza kurudi nyumbani na mikono mifukoni, ili isionekane ilivyo mitupu. Baadaye akaanza kupitia mlango wa uani. Mezani alikula haraka na kidogo, na akipakuliwa tena alisema ameshiba, ilhali macho yake yalikuwa hayajashiba. Shemeji yake hakumwambia neno. Hakumnyima kitu, hakukunja uso, hakuuliza lolote. Hilo ndilo lililomkera. Angeulizwa, angejibu. Mtu asiyeulizwa anajijibu usiku kucha.

Asubuhi moja alisogeza kabati kutafuta kifungo cha koti, fimbo ikamwangukia. Alikaa kitandani akaishika. Ziwa lilikuwa pale chini ya mji, analiona juu ya ukuta wa ua kila anapofungua dirisha, na samaki waliomo hawana mwenyewe. Kumbe samaki hawana mwenyewe, lakini ufuko unaye.

Mji ule unaishi kwa wageni wa mapumziko. Kutoka mwisho wa barabara ya lami hadi gati la boti, kando ya maji ni hoteli, nyumba za kupangisha, hoteli, na nyumba za watu wanaokuja mara moja kwa mwaka na kuacha mbwa. Fundi saa alivaa koti na tai, akaitia fimbo ndani ya ala ya mwavuli mkubwa, kwa kuwa mtu wa heshima hatembei mjini ameshika mti, akaanza na hoteli ya kwanza.

"Shikamoo, mzee," mlinzi alimwamkia.

"Marahaba. Napita tu kwenda ziwani."

"Umepanga chumba?"

"Chumba ninacho nyumbani."

"Basi ufuko huu ni wa wageni."

"Mimi sijawahi kukanyaga hapa tangu nizaliwe. Mgeni ni nani kama si mimi?"

Mlinzi alilipima jambo hilo. "Mgeni ni yule anayelipa kiingilio, mzee wangu. Unapewa soda, taulo na kiti."

"Toa soda. Toa taulo. Toa kiti. Kimebaki kiasi gani?"

"Kimebaki kile kile."

Akaenda mbele. Kati ya nyumba mbili za kupangisha aliona kichochoro kinachoshuka majini, akakiingia. Mwishoni kulikuwa na geti lenye picha ya mbwa. Fundi saa, ambaye macho yake yamechoshwa na skrubu ndogo hata akiwa na miwani, alisogea aisome vizuri, na mbwa mwenyewe akaona asimpe taabu ya kusoma. Jioni ile alisema pindo la koti limenaswa na msumari.

Gatini alimkuta mkata tiketi za boti.

"Hapa kuvua marufuku, baba."

"Lakini samaki nawaona wale pale, chini ya nguzo!"

"Kuwaona ni ruhusa."

Mwishowe alikwenda manispaa, kama anavyofanya mtu aliyelelewa vizuri. Karani alikuwa mwanamke mchangamfu mwenye feni ndogo ya mezani inayompuliza yeye peke yake.

"Ufuko wa umma upo, baba," alisema. "Tena mkubwa."

"Uko wapi?"

"Kati ya ile hoteli na ile nyingine."

"Njia yake?"

"Njia ndiyo bado haijapatikana."

"Sasa umma unafikaje?"

"Kwa mtumbwi."

"Na mtumbwi unaushushia wapi majini?"

Karani alifikiri kwa moyo wake wote. Mtu asiseme watumishi wa umma hawafikiri. Hata feni aliizima.

"Ufukoni," alisema.

Fundi saa alitoka pale na kitu kimoja tu, nacho ni haja ya kwenda msalani, maana alikuwa amenyweshwa maji mengi akisubiri. Manispaa hiyo hiyo isiyo na njia ya ufuko imejenga vyoo vya umma kote kando ya ziwa, ili wageni wasije wakahifadhi kumbukumbu mbaya. Akaingia kimojawapo. Mlangoni alikaa mama mnene mwenye kilemba cha manjano na fungu la karatasi mapajani. Watu humwita Mama Karatasi, kwa kuwa hugawa karatasi kwa kumtazama mtu usoni na kukisia, na hakosei. Fundi saa akatoa sarafu.

"Rudisha, mzee," alisema Mama Karatasi. "Wazee bure."

"Mzee nani?"

"Wewe. Mwingine simwoni."

Hapa haidhuru kusema kwamba fundi saa alikuwa akitia nywele zake rangi kila Jumamosi, na kazi hiyo aliifanya kwa uangalifu kama kazi zake zote.

"Mimi ni mtu wa makamo," alisema.

"Mtu wa makamo analipa. Haya, chagua, nyuma yako kuna foleni."

Fundi saa aliitazama sarafu. Akaitazama foleni. Haja ikamkumbusha kwamba nayo inasubiri. "Basi kwa leo nitakuwa mzee," alisema, akaingia.

Akiwa ndani alivua miwani kuifuta, akatoka bila kuivaa, na badala ya kufuata njia aliyoingilia akasukuma mlango mwingine. Hewa ya baridi ikampiga usoni. Alipovaa miwani, alijikuta amesimama juu ya kitako cha zege, mabaki ya nyumba ya pampu ya zamani, matete marefu kushoto, matete marefu kulia, na mbele yake ziwa lote, bila mlinzi, bila mbwa, bila kiti cha kukodi. Kamba moja ilikuwa imefungwa kutoka ukutani hadi kwenye nguzo, na juu yake matambara ya kudekia yanakauka.

Kabla mtu hajafungua mdomo: bomba la maji machafu haliendi huko. Linapanda upande wa pili hadi kwenye mashimo ya barabarani. Fundi saa alilifuata mwenyewe kwa miguu, mfuniko baada ya mfuniko, watu wakimshangaa, na hakutia ndoano majini mpaka aliporidhika.

"Umepotea, mzee?" Mama Karatasi alichungulia. "Njia ni huku."

"Hapa ni pa nani?"

"Pa matambara."

"Mwananchi anaweza kukaa hapa akavua samaki?"

"Choo ni cha umma. Aliyeingia na hajatoka bado ni mteja." Akafikiri kidogo. "Lakini kamba yangu usiiguse."

Siku ile ya kwanza alinasa tambara. Siku ya pili alinasa tambara lile lile, na Mama Karatasi alimwambia maneno ambayo hayana nafasi kwenye karatasi hii. Lakini fundi saa si mtu wa kukata tamaa kwa kitu kidogo. Aliivaa lenzi yake, akaifunga ndoano kwa kibano, fundo dogo kama chembe ya mchanga, akaning'iniza chambo pembeni ya matete, akatulia. Kutulia ndiko kulikokuwa kazi yake maisha yote. Na ziwa, ambalo halikuwa limezoea kuvuliwa na mtu aliyevaa tai, likamtolea perege wa ukubwa wa kiganja.

Alirudi nyumbani kwa mlango wa mbele. Akaweka samaki mezani. Kisha ndipo akasalimia.

"Hee!" shemeji yake alisema. "Umempata wapi?"

"Ziwani."

"Ziwani wapi?"

"Kuna mahali."

Samaki alikaangwa kwa kitunguu na nyanya, na fundi saa alipakua mara mbili. Tangu siku ile haikupita wiki bila samaki, na mikono yake ikatoka mifukoni. Shemeji yake, akiulizwa na majirani, alijibu kwamba fundi saa anavua kwenye ufuko wa hoteli moja kubwa, ambako meneja ni mteja wake wa siku nyingi. Yeye fundi saa hakusema hivyo. Hakukanusha pia. Lawama, kama ipo, igawanywe sawasawa.

Mambo yaliharibika siku fundi cherehani wa nyumba ya mkabala alipovuka barabara na chupa ya uji wa mchele. Fundi saa alikuwa chumbani kwake akisafisha kigurudumu cha fimbo, dirisha wazi, na jiko lilikuwa hatua chache kutoka hapo. Alisikia kila neno.

"Pole na mgonjwa, dada."

"Mgonjwa gani?"

"Shemeji. Tumbo."

"Tumbo la nani?"

"Usinifiche, sisi ni majirani. Nimeambiwa na mke wa kinyozi, naye aliambiwa na dereva wa watalii waliokwisha kuondoka. Anaingia vyoo vya umma kule chini asubuhi, anatoka jua la utosi. Kila siku, dada! Na mwavuli."

"Na mwavuli?"

"Mrefu. Tunasema ni wa kujisitiria, maana milango ya vile vyoo haifungi."

Kilichosikika ni samaki akikaangika.

"Na akitoka," fundi cherehani aliendelea, sasa kwa sauti ndogo zaidi, "wanasema ana kifurushi. Kina mkia."

Fundi saa, kutoka dirishani, aliona mgongo wa shemeji yake ukinyooka. Aliona pia mkono wa fundi cherehani, ambaye alikuwa ameshapewa kipande cha samaki juu ya kisahani na ameshakila nusu. Kisahani kilirudishwa mezani polepole sana. Uji aliubeba akaondoka nao, bila shaka akiona atauhitaji mwenyewe.

Chakula cha usiku kilikuwa mayai. Shemeji yake alimpakulia kama kawaida, na fundi saa alikula haraka na kidogo.

Asubuhi alikwenda kama kawaida, kwa kuwa hakujua kwingine pa kwenda. Alikuwa ameketi juu ya zege, mshipi majini, aliposikia sauti mlangoni kwa Mama Karatasi.

"Nalipa."

"Bibi, wazee ni bure."

"Nimesema nalipa. Na bibi yako ni nani?"

Fundi saa aliijua sauti ile kama alivyojua mlio wa saa ya kaka yake. Alitazama kushoto, matete. Kulia, matete. Mbele, ziwa, na hakujua kuogelea. Kumbe shemeji yake alikuwa ameshapita vyoo vingine kabla ya hicho, na kote alikataa kuwa mzee, kote alilipa.

Mlango ulifunguka. Alikuwa amevaa gauni lake la kijivu la mikutano ya wazazi, kilemba kichwani, mkoba mkononi, viatu vya kufunga.

"Shemeji."

"Shemeji."

"Unajua mji unasema nini?"

"Unasema nini?"

"Kwamba unaharisha. Tangu mvua za kwanza."

Fundi saa alihesabu kimoyomoyo. "Si ningekuwa nimeshakufa?"

"Usinichekeshe, sijaja kucheka. Kaka yako alikagua shule za wilaya nzima. Watu walisimama akipita. Leo mdogo wake anaingia chooni na mwavuli!" Akatazama kamba ya matambara, akalikwepa lililomkaribia. "Sikiliza. Ile hoteli nitakulipia mimi. Kila siku utakayotaka. Soda utakunywa, kiti utakalia kama mtu."

Fundi saa alizungusha kigurudumu nusu duara, akakirudisha.

"Ukilipa wewe, shemeji, huyo samaki ni wako tangu akiwa majini. Mimi nitakuwa mchukuzi tu."

"Na kuna ubaya gani?"

"Ninakula kwako. Ninalala kwako. Hujanisema hata siku moja, nakushukuru, lakini afadhali ungenisema. Katika mji mzima, hapa ndipo mahali pekee ninapopata kitu cha kuweka mezani bila kumwomba mtu. Nikipaacha, nitarudi kupitia mlango wa uani."

Mwalimu huyu mstaafu alijua siku nyingi habari za mlango wa uani. Alikuwa akijifanya hausikii ukifunguliwa. Alifungua mdomo amjibu, na wakati huo huo fimbo ikapinda.

"Shika!" fundi saa alisema, kwa maana lenzi ilikuwa imemponyoka jichoni na yuko magotini akiipapasa kabla haijaingia ziwani.

"Mimi?"

"Shika, shemeji, anaondoka!"

Akashika, mkoba ukining'inia kwenye kiwiko. Samaki akavuta. Akamvuta na yeye hadi ukingoni, kiatu kimoja kikaingia majini, na hapo ikamtoka ile sauti iliyokuwa ikinyamazisha darasa la sita pamoja na madarasa ya jirani:

"Simama hapo hapo!"

Upande wa ndani wa choo kila kitu kilinyamaza. Mama Karatasi alieleza baadaye kwamba kuna bwana mmoja alisimama kweli.

"Mlegezee! Zungusha! Siyo huko!"

"Usinifundishe!"

Samaki alitua juu ya zege, perege mnene, mpana kama sahani ya wageni, akirusha maji kwenye gauni la kijivu. Shemeji yake alihema. Kilemba chake kilikuwa kimehamia sikioni. Alimtazama samaki, akamtazama fundi saa, ambaye tayari alikuwa ametoa gazeti na anaanza kumfunga.

"Unamfichia nini?" alimuuliza. "Ameiba?"

Akampitisha kamba ya tete kwenye shavu, akambeba mkononi, wazi, mkia ukining'inia, akatoka naye. Alipita mbele ya Mama Karatasi na foleni yake. Alipanda barabara. Nyuma yake alikuja fundi saa na koti na tai, fimbo ya kijani nje ya ala, akijaribu kutembea kama mtu anayejua anakoelekea. Mtaa wa maduka ulisimama. Kinyozi alitoka na wembe, na mteja wake akatoka na povu.

Fundi cherehani alikuwa barazani. "Dada, shemeji amepona?"

"Hakuumwa. Alikuwa anavua."

"Wapi?"

"Mahali pa umma. Bila malipo, kama ilivyo haki ya mwananchi."

"Chooni?"

"Nyuma yake. Kuna mlango."

Fundi cherehani alimtazama yule perege kwa muda mrefu. Uso wake ulibadilika hatua kwa hatua, ukatoka kwenye kichefuchefu ukafika kwenye hesabu. "Kwani ni choo kipi, dada? Maana mzee wangu naye tangu astaafu anashinda nyumbani, ananihesabia vifungo. Na shemeji wa kinyozi. Na yule mpiga chapa. Wangekuja hata kesho, wote."

Fundi saa alihisi fimbo ikimlemea mkononi. Kile kitako cha zege kilimtosha mtu mmoja na kamba ya matambara. Wakija wote, wiki haitaisha kabla ya hoteli ya jirani kusikia, na mwezi hautaisha kabla ya kuwekwa geti, na mbele ya geti mlinzi, na mkononi mwa mlinzi tiketi. Na shemeji yake, mji mzima unajua, hajawahi kumficha mwanafunzi jibu aliloombwa kwa adabu.

Shemeji yake alimhamisha samaki kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. "Jirani," alisema, "vyoo vya umma mjini hapa ni vingi, na vyote viko kando ya ziwa."

Akaingia ndani kwa mlango wa mbele, fundi saa akamfuata, na mlango ukafungwa.

Tangu hapo wameulizwa dukani, wameulizwa sokoni, na fundi cherehani ameuliza akiwa na keki. Fundi saa anavua bado. Samaki wapo mezani. Ni choo kipi kati ya vyote, na ukishaingia usukume mlango gani, nyumba hii haikusema, haisemi, na haitasema.